Yoga na Afya ya Mapafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha yoga kwa watu wenye vifua vinavyowasumbua, na mimi mwenyewe nina pumu tangu utotoni. Maswali haya hunifikia tena na tena, darasani na nje ya darasa. Nimeyapanga karibu na mtiririko wanaokuja nao watu: kwanza matumaini makubwa, kisha mashaka, halafu ndipo wanapotaka kujua wakae vipi mkekani. Mimi si daktari. Panapohitaji daktari, nitasema.

Je, yoga inaongeza ukubwa wa mapafu?

Haiongezi. Mtu akishamaliza kukua, mapafu yake hayakui tena, hata ajikunje mpaka awe fundo. Mapafu ya mwanamume mzima hubeba kama lita 6 za hewa, ya mwanamke kwa kawaida pungufu ya hapo, na hata utoe pumzi kwa nguvu zako zote, lita moja na ushei hubaki ndani. Hivi sasa, umetulia unasoma, unatumia kama nusu lita tu kwa kila pumzi.

Kinachobadilika ni vile vinavyoyazunguka. Mapafu hayana msuli wa kuyapanua. Yamekaa kama sifongo ndani ya tundu la mbavu, na kazi ya kuyajaza hufanywa na kiwambo, ule msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo, kikisaidiwa na misuli midogo iliyo kati ya mbavu. Kiwambo kikishuka, hewa inaingia. Kikilegea na kupanda, hewa inatoka. Miaka ya kukaa umejikunja, hofu, au ugonjwa wenyewe hukaza mbavu na kukifanya kiwambo kivivu, hata mtu akawa anapumulia mabegani na shingoni. Hapo ndipo yoga inaporudisha mwendo. Nyumba ni ile ile, ila madirisha yaliyokuwa yamekwama yanafunguka.

Kama haiongezi mapafu, faida iko wapi?

Nivumilie nifanye hesabu kidogo. Kila unapovuta pumzi, kama mililita 150 za hewa hiyo huishia puani, kooni na kwenye mirija mikubwa. Hazifiki kwenye vile vifuko vidogo, mamia ya mamilioni, ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Ichukulie kuwa ni nauli unayolipa kila safari. Sasa mtazame mtu anayepumua mara 12 kwa dakika, mililita 500 kila mara. Ameingiza lita 6, lakini ukitoa nauli zimefika lita 4.2. Mwenzake anapumua mara 6, mililita 1,000 kila mara. Naye ameingiza lita 6, ila zilizofika ni lita 5.1, maana amelipa nauli mara 6 badala ya 12.

Usidhani damu ya huyu wa pili imefurika oksijeni. Mwenye mapafu mazima tayari ana ya kutosha, asilimia 95 hadi 100 kwenye kile kipimo cha kidoleni, na hakuna mkao utakaoipandisha ifike 110. Alichopata ni unafuu: anaweza kupata kile kile kwa kuhema kidogo. Kwa mtu mwenye afya, unafuu huo karibu hauonekani. Kwa mtu ambaye kila pumzi ni kazi, unaonekana.

Kuna na suala la woga. Kukosa pumzi huleta hofu, hofu huharakisha pumzi, na pumzi za haraka huzidisha hali ya kukosa pumzi. Kupumua polepole, hasa pale kutoa kunapokuwa kurefu kuliko kuvuta, hutuliza mapigo ya moyo na kuukata mzunguko huo. Wanafunzi wangu wengi nikiwauliza kilichobadilika hawataji mapafu kabisa. Wanasema hawaogopi tena kama zamani.

Mbona mnahimiza kutoa pumzi kuliko kuvuta?

Ukiniuliza mimi, hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lote. "Vuta pumzi ndefu!" ndilo shauri ambalo kila mtu humpa anayetweta, na mara nyingi ni shauri baya. Kama kifua chako ni kizima, jaribu hivi ukiwa umekaa: vuta pumzi, toa nusu tu, vuta tena, toa nusu, vuta tena. Kufika mara ya tatu au ya nne kifua kimejaa, shingo imekaza, na unahisi kukosa hewa ilhali umejaa hewa.

Hivyo ndivyo anavyojisikia mgonjwa wa pumu akishikwa, au mwenye ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa unaojulikana kwa kifupi kama COPD. Mirija iliyosinyaa husinyaa zaidi wakati wa kutoa pumzi. Hewa ya zamani inanaswa ndani, kifua kinatuna, kiwambo kinalala bapa na kukosa pa kushukia. Mtu huyo anatafuta hewa ya kuingiza, kumbe alichokosa ni nafasi ya kuiingizia.

Kwa hiyo toa kwanza. Bana midomo kana kwamba unapoza kinywaji cha moto, iache hewa itoke polepole kwa hesabu ya nne, kisha vuta kwa pua kwa hesabu ya mbili. Midomo iliyobanwa huongeza mgandamizo kidogo ndani ya mirija, ikakaa wazi muda mrefu zaidi. Hospitalini hufundishwa mbinu hiyo hiyo bila kuitwa yoga. Ila usikamue. Ukikaza tumbo ili umalize hewa yote, mirija hujifunga mapema na kikohozi kinafuata. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Nina pumu. Nikifanya yoga kwa bidii, naweza kuacha inhela?

Hapana, na naisema kwa herufi kubwa. Pumu ni uvimbe ndani ya mirija ya hewa: kuta zinavimba, misuli yake inakaza, ute unajaa. Mazoezi ya pumzi hayaondoi uvimbe. Dawa ya kuvuta ya kila siku yenye steroidi ndiyo inayoutuliza, na ile ya dharura, mfano salbutamol, ndiyo inayolegeza misuli ndani ya dakika chache. Nimewaona watu waliojisikia vizuri baada ya mwezi wa yoga wakaweka dawa kabatini, kumbe nafuu ile ililetwa na dawa. Kama unataka kupunguza dozi, zungumza na daktari wako, naye ataipunguza hatua kwa hatua huku akikupima.

Inhela yangu hukaa kwenye kona ya mkeka, mahali ninapoifikia bila kuinuka. Nimefundisha hivyo miaka yote na sioni aibu.

Lakini je, kuna ushahidi wowote, au ni imani tu?

Upo, na ni wa wastani. Utafiti wenyewe si wa jana: mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama huko Lonavla, India, akaanza kupima kimaabara yanayotokea mwilini wakati wa yoga. Tangu hapo tafiti zimekuwa nyingi, nyingine nzuri, nyingine za kuchekesha.

Kwa pumu, mwaka 2016 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kuchambua majaribio ya tiba, walitoa uchambuzi wa majaribio 15 yenye washiriki 1,048. Waliona kwamba yoga huenda inaboresha kidogo dalili na maisha ya kila siku ya mgonjwa. Hilo neno "kidogo" ni lao, sikulipachika mimi. Kwenye vipimo vya mapafu vyenyewe, matokeo hayakunyooka. Tatizo mojawapo ni kwamba huwezi kumpa mtu yoga bandia asijue, kama unavyoweza kumpa kidonge bandia. Anayejua kuwa anafanya kitu huelekea kusema kimemsaidia.

Nimevuta sigara miaka mingi na nimeambiwa nina COPD. Nimeshachelewa?

Vifuko vya hewa vilivyobomoka havijengeki upya, na mwalimu wa yoga atakayekuahidi vinginevyo mkimbie. Ila kuna mengi kati ya kupona na kukata tamaa. Katika uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2012, kulikuwa na majaribio mawili madogo ambamo wagonjwa wa COPD walifanya pumzi za yoga kwa miezi mitatu. Walipopimwa, kwa dakika 6 walitembea wastani wa mita 45 zaidi kuliko wenzao ambao hawakuzifanya. Kwa anayehesabu hatua, huo ni umbali wa maana.

Kama kituo chako cha afya kina programu ya urekebishaji wa mapafu, anza na hiyo. Ina ushahidi mzito zaidi, na yoga ikae pembeni yake kama nyongeza. Fanyia mazoezi kwenye kiti chenye egemeo, si chini, kwa sababu kuinuka kutoka sakafuni peke yake kunaweza kukumaliza pumzi. Ukitumia oksijeni nyumbani, usiivue ili ufanye mazoezi. Na sigara iache. Naijua kuwa ni sentensi fupi kwa kazi ndefu, lakini hakuna zoezi hata moja katika ukurasa huu linaloikaribia kwa faida.

Nipumue kwa pua au kwa mdomo?

Vuta kwa pua kila inapowezekana. Pua hupasha hewa joto, huilowesha na huchuja vumbi, na hewa baridi kavu ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu. Kutoa kunaweza kuwa kwa pua, au kwa midomo iliyobanwa ukiwa umebanwa kifua.

Pua ina siri nyingine. Mapango yaliyo ndani ya mifupa ya uso hutengeneza gesi iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo hutanua mishipa ya damu. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walipima hewa itokayo puani kwa watu wanaotoa pumzi kimya na kwa watu wanaotoa wakivuma, yaani midomo imefungwa na sauti ya "mmmm" ikitoka. Wakati wa kuvuma, gesi hiyo ilikuwa nyingi mara 15 hivi. Wenye yoga wana zoezi la namna hiyo tangu zamani, bhramari, pumzi ya nyuki. Wapo wanaolichukua jambo hili na kutangaza kwamba kuvuma kunatibu kila kitu. Kilichopimwa ni gesi puani, si mapafu yaliyopona. Mimi nalifundisha kwa sababu nyepesi zaidi: huwezi kuvuma bila kutoa pumzi polepole. Sauti inakulinda na haraka zako mwenyewe. Hata wale wasioweza kuhesabu nne bila kujikaza hufika sita au saba wakivuma, na hawajui kama wamefika.

Ni mikao ipi inayofaa kifua?

Nitakueleza mfululizo ninaoutumia mwenyewe, wa kama dakika 20. Si amri.

Lala chali, magoti yamekunjwa, kiganja kimoja chini ya kitovu na kingine kifuani. Usibadilishe chochote kwa dakika mbili. Angalia tu ni kiganja kipi kinachopanda kwanza. Kwa walio wengi ni cha kifuani, nao hushtuka, kwa kuwa walidhani wanapumua vizuri. Baada ya hapo acha tumbo lipande pumzi inapoingia na lishuke inapotoka. Usilisukume kwa misuli. Kulisukuma tumbo bila kupumua ni mchezo ambao kila mwanafunzi mpya huucheza.

Kisha paka na ng'ombe, kwa magoti na viganja. Mgongo unazama pumzi ikiingia, unapanda kama wa paka pumzi ikitoka. Hapa mwendo hufuata pumzi, wala si pumzi kuufuata mwendo. Ukiona unaharakisha pumzi ili uwahi mgongo, punguza mwendo.

Halafu kaa, inua mkono mmoja, jipinde upande. Mkao huu hauna sura ya kupigwa picha, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Watu hufungua kifua kwa mbele wakasahau kwamba mbavu hupanuka kwa upande, kama mpini wa ndoo unavyonyanyuka. Baki hapo pumzi tano, ukizipeleka kwenye ubavu ulio juu. Ukirudi katikati, ubavu ule utausikia mwepesi kuliko wa pili. Fanya na wa pili.

Kifudifudi, viwiko chini ya mabega, kifua kimeinuka kidogo: huyo ni nyoka mpole. Nyoka mrefu wa mikono iliyonyooka hana faida ya ziada kwa mapafu, na mgongo wa chini huulalamikia. Daraja, yaani kulala chali na kuinua nyonga, linafaa kwa wengi. Ila mwenye kiungulia aliache, kwa kuwa asidi ikipanda kooni inaweza kuamsha kikohozi na pumu.

Mkao wa mtoto, umejikunja juu ya mapaja, hupeleka pumzi mgongoni. Sehemu kubwa ya mapafu iko huko nyuma, na wengi hawajawahi kuisikia ikisogea. Ila mwenye COPD au tumbo kubwa atabanwa. Yeye asimame na kuegemeza mikono mezani.

Maliza kwa kupumzika, kichwa na mgongo vimeinuliwa kwa mito miwili kama kulala bapa kunakukatisha pumzi. Kusimama kwa kichwa nimekuacha nje makusudi. Viungo vya tumbo hukilalia kiwambo, na kiwambo ndicho tunachojaribu kukipa nafasi.

Nikifanya pumzi za haraka napata kizunguzungu na vidole vinachomachoma. Ni sumu zinatoka?

Niliambiwa hivyo hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Mwalimu alituendesha mizunguko mingi ya kapalabhati, zile pumzi za kusukuma tumbo kwa haraka, nami nikaona nyota mchana. Akasema mwili unajisafisha. Niliamini miaka kadhaa.

Hakuna sumu inayotoka. Umepumua kupita mahitaji ya mwili, ukapoteza hewa ya ukaa nyingi mno. Hewa hiyo watu huiona kama takataka, lakini mwili huihitaji kwa kiwango chake: ikipungua ghafla, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa na kichwa kinakuwa chepesi, midomo na vidole vinachomachoma. Tena ndiyo, kwa kiasi kikubwa, inayokuamsha uvute pumzi. Ile hamu kali unayoipata ukiziba pua hutokana zaidi na hewa ya ukaa kupanda kuliko oksijeni kuisha. Ukipata kizunguzungu, acha zoezi, kaa, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida. Kitapita chenyewe baada ya muda mfupi. Kisipopita, muone daktari.

Basi kapalabhati na bhastrika zifutwe kabisa?

Bhastrika ni ndugu yake kapalabhati, ila humo kuvuta na kutoa pumzi kote ni kwa nguvu na haraka. Kwa mwenye afya aliyefundishwa ana kwa ana, sina ugomvi nazo. Kwa mwenye pumu isiyotulia, COPD, shinikizo la damu lililo juu, ugonjwa wa moyo, ngiri, kifafa, presha ya macho, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mjamzito, ndiyo, azifute. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa kifua liliripoti mwanamke kijana ambaye pafu lake lilipasuka na kuvujisha hewa kifuani baada ya kujisukuma kupita kiasi katika kapalabhati. Ni tukio la nadra sana. Lakini aliyewahi kupasukwa na pafu asilijaribu.

Na kushika pumzi?

Mwenye ugonjwa wa mapafu au moyo asishike. Wengine washike kwa sekunde chache bila kujikaza, na kamwe si ndani ya maji. Kupumua haraka kisha kupiga mbizi kumewaua waogeleaji hodari: hewa ya ukaa imeshuka, kengele ya kuvuta pumzi haikulia, wakazimia chini ya maji.

Nisafishe pua kwa maji ya chumvi kama wanavyofanya wenye yoga?

Jala neti husaidia pua iliyoziba na mafua ya mzio, na pua ikiwa wazi mazoezi yote yanakuwa mepesi. Sharti ni moja na halina mjadala: maji yawe yamechemshwa yakapoa, au maji yaliyosafishwa kwa kuvukizwa. Maji ya bomba yanaweza kuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Ukiyanywa, tumbo humuua. Akipitia puani huweza kupanda hadi kwenye ubongo, na wachache mno hupona. Chemsha maji yatokote kwa dakika moja kamili, au dakika tatu kama unaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Osha na chombo chenyewe, kisha kikauke.

Nimetoka kuugua nimonia, korona au kifua kikuu. Nianze lini?

Nimonia: homa ikishaisha na daktari akikuruhusu, anza na pumzi za kulala tu, dakika tano, mara mbili kwa siku. Mwili utakuambia uongeze lini.

Kifua kikuu: dawa kwanza, hadi mwisho wa dozi, hata kama kikohozi kimekwisha kitambo. Usije darasani mpaka kliniki ikuambie huambukizi tena. Ndani ya chumba kilichofungwa chenye watu 15 wanaohema kwa nguvu, kikohozi kimoja kinatosha kuleta balaa. Baada ya hapo karibu sana. Kifua kikuu huacha makovu yanayokaza ubavu mmoja, na ule mkao wa kujipinda upande hapo una kazi.

Korona inahitaji tahadhari ya pekee. Wapo ambao uchovu huwabaki miezi, na wakijilazimisha leo wanaanguka kesho au keshokutwa. Kama ndivyo ulivyo, usifuate kanuni ya "ongeza kidogo kila siku". Fanya nusu ya unachoona unaweza, kisha subiri siku mbili uone.

Mjamzito je? Na mtoto?

Mjamzito apumue polepole, asishike pumzi, asisukume tumbo, na baada ya miezi mitatu ya kwanza asilale chali muda mrefu. Kuhema kidogo zaidi wakati wa ujauzito ni kawaida. Kuhema ghafla au pamoja na maumivu ya kifua si kawaida.

Mtoto mpe mchezo. Alale chali na mwanasesere juu ya tumbo, ampandishe na kumshusha bila kumwangusha. Au apulize unyoya ukae hewani. Ukimwambia "pumua kwa hesabu ya nne" ataondoka, na ana haki.

Nifanye saa ngapi, mara ngapi, mahali gani?

Dakika 10 hadi 20 karibu kila siku hushinda saa mbili za Jumamosi. Tumbo lisiwe limejaa. Chumba kipitishe hewa, na vijiti vya udi viache vizimike: sijapata kuelewa kwa nini tuje kufundisha mapafu ndani ya moshi. Siku ambayo hewa ya nje ni chafu au ina chavua nyingi, funga madirisha ufanyie ndani.

Yoga si ibada ya dini nyingine?

Chimbuko lake ni India, na kwa wengi huko ina uzito wa kiroho. Ila kushusha kiwambo na kurefusha pumzi ni kazi ya misuli, na wagonjwa hufundishwa hospitalini bila neno lolote la ibada. Ukitaka, acha majina ya Kisanskriti na kuunganisha viganja. Dhamiri yako iheshimu, mapafu hayatajua tofauti.

Nikifanya yoga, sihitaji kutembea wala kukimbia?

Unahitaji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani kwa watu wazima, na yoga ya polepole kwa kawaida haiupandishi moyo hadi hapo. Tembea, tena ukipanda kilima toa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama ulivyojifunza mkekani.

Nitajuaje kama inanisaidia?

Usipime kwa muda unaoweza kushika pumzi. Hiyo hupima ukaidi zaidi ya mapafu. Hesabu pumzi zako kwa dakika moja asubuhi kabla hujainuka kitandani, uandike. Watu wazima wengi huwa kati ya 12 na 20. Tafuta ngazi moja unayoipanda kila siku, uangalie unasimama mara ngapi. Mwenye pumu apulize kile kipima kasi ya pumzi kwa saa ile ile kila siku, na aandike pia ni mara ngapi alihitaji inhela ya dharura wiki hiyo. Baada ya wiki nane hadi kumi na mbili utaona mwelekeo. Kama hakuna mabadiliko, usijilaumu wala usinilaumu mimi. Rudi kwa daktari uangalie kama dawa inavutwa inavyopaswa, kwani kukosea namna ya kutumia inhela ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Pumzi ikinikatika ghafla katikati ya zoezi, nifanye nini?

Acha mkao. Kaa ukingoni mwa kiti, inama mbele, egemeza viwiko juu ya mapaja, mabega yalegee. Mikono ikishikiliwa hivyo, misuli ya shingo na kifua hupata pa kushikia na kukisaidia kiwambo. Toa pumzi kwa midomo iliyobanwa. Kama una pumu, tumia inhela ya dharura sasa hivi, bila kusubiri uone kama pumzi zitatosha.

Itisha msaada wa dharura kama huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha zinageuka rangi ya buluu au kijivu, kifua kinauma, unachanganyikiwa, au inhela haijaleta nafuu. Usiende hospitali ukiendesha gari mwenyewe. Na hata kama hujakatika pumzi, muone daktari bila kungoja darasa lijalo kama unakohoa damu, au kikohozi kimevuka wiki mbili, au unatokwa na jasho usiku na kupungua uzito bila sababu. Ukifika, mweleze na mazoezi uliyokuwa unafanya, kwa majina au kwa kumwonyesha, na uende na inhela zako zote kwenye mfuko.